Msalaba Wenye Mkono Mrefu

Zamani za misafara, watu wa pwani walijenga kituo porini, si mbali na Ulyankulu. Walipanda mitende, wakainua nyumba za udongo; kisha ndui ikaingia, wakahama kwa siku moja. Husimuliwa kwamba waliacha mali ardhini, na kwamba baadaye Mjerumani naye alificha yake palepale, akachora alama kwenye mawe. Ndiyo maana mahame yale hayaishi kuchimbwa mashimo.

Bibi Nibitanga aliposikia kwamba wachimbaji wameingia, aliacha maharage jikoni yakiungua. Aliwakuta wanaume wawili wameshachimba hadi magotini, kwenye kitako cha jiwe lenye msalaba.

"Shikamoo, bibi," alisema Modest, mwenye koleo.

"Marahaba. Tokeni hapo. Amelala mwanangu."

Mwenzake, Revocatus, akaegemea sururu akacheka. "Kila tunapochimba hatukosi bibi mwenye mtoto wake chini! Kule Usinge walitokea watatu, wote wakidai jiwe moja."

"Wangu anaitwa Irankunda. Tulikimbia vita Burundi. Homa ikamchukua kabla hatujapewa shamba. Msalaba huo niliuchora mwenyewe."

"Msalaba gani wa kaburi una mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake? Hii ni alama, bibi. Mkono mrefu unaelekeza mali iliko. Wewe ni mwenyeji, tuambie: ni wapi? Tutachimba huko, mwanao apumzike."

Mkono ule ulielekea kwenye magofu. Neno moja tu lingetosha: kule. Nibitanga alijua kaburi halikuwa na kina. Alilichimba peke yake, kwa jembe la kuazima. Uongo ulishamfika ulimini. Akashika rozari yake. Ee Mama wa Mungu, nisidanganye juu ya kichwa cha mtoto wangu. Lakini nao wasimguse.

"Hauelekezi popote," alisema. "Nilikuwa nalia. Kisu kiliteleza."

"Basi tunaendelea hapahapa." Revocatus akainua sururu.

Nibitanga akashuka shimoni, akapiga magoti mbele yake, akalaza mkono wake wa kushoto juu ya jiwe, pale mchoro ulipoishia. Kovu kuukuu lilianza hapohapo, likapita chini ya kidole gumba hadi kwenye kifundo, katika mstari uleule, kana kwamba jiwe na nyama vilichanwa kwa pigo moja.

Sururu ilibaki hewani. Modest aliangalia jiwe, akaangalia mkono.

"Revo, shusha."

"Unatishwa na kovu?"

"Mimi nilimzika mwanangu mwezi wa pili. Shusha, kaka."

Revocatus alipumua kwa nguvu. Kisha akaishusha taratibu, kando ya magoti ya bibi, akapanda juu na kuondoka kuelekea magofuni bila kuaga.

Modest alimpa Nibitanga mkono, akamtoa shimoni, akaanza kurudisha udongo.

"Pole pole, baba," alisema Nibitanga. Akachuchumaa ukingoni, akawa anayapokea mabonge na kuyavunjavunja kwa vidole, yasimwangukie mtoto kwa kishindo.