Chepkorir Akalia Gunia

Mwaka wa 1958, baada ya mavuno, wafanyakazi wa shamba moja karibu na Rongai walishindana kubeba magunia ya mahindi kutoka stoo hadi langoni. Sheria ilikuwa moja: gunia likigusa chini, umetoka. Zawadi ilikuwa beberu mnene.

Mwamuzi alichaguliwa Chepkorir, mama asiyeogopa mtu. Wanyoike, dereva wa trekta, akanung'unika. "Na Kemboi ni bwana yake! Ataona kweli?"

"Nina macho mawili," Chepkorir akamjibu, "na yote ni yangu."

Walioingia walikuwa Kemboi, Wanyoike na Namalwa, mama wa kukamua ng'ombe, ambaye wanaume walimcheka mpaka wakashikana mabega.

Filimbi ikalia. Kemboi akatoka mbio kama ndama aliyefunguliwa, akipiga mluzi, hata kiuno akakikata kidogo. Watu wakashangilia. Chepkorir akakunja uso. Nyumbani mtu huyu akiinua ndoo ya maji huguna kama anayezaa. Leo gunia zima, na mluzi juu?

"Kemboi! Weka chini!"

"Nitatoka, mama!"

"Weka. Kama ni halali, tutaanza upya wote."

Akaliweka kwa shingo upande. Chepkorir akageuka, akalikalia kwa uzito wake wote. Pfuu! Gunia likanywea, mshono ukapasuka, makapi ya ngano yakaruka hewani. Mahindi yalikuwa juu tu, ya kufichia.

"Mume wangu ametoka!" akapaza sauti, kisha akacheka hadi akashindwa kuinuka.

Wanyoike alipomwona mwamuzi amezama kwenye makapi, miguu juu, kicheko kikamshika, gunia likaanguka puu!

"Na wewe umetoka!"

"Lakini umenichekesha!"

"Nimekuchekesha, sikukusukuma."

Akabaki Namalwa, akija polepole, meno ameyauma, hatazami upande wowote. Wale wale waliomcheka sasa walikimbia kando yake wakimsihi, "Usicheke, dada! Usicheke!"

Alipovuka lango akalitupa gunia, ndipo akaangua kicheko kikubwa hata beberu aliyefungwa pale langoni akashtuka, akakata kamba, akatimka kuelekea reli. Shamba zima likamfuata. Kemboi ndiye aliyemkamata, nywele zimejaa makapi, akamkabidhi Namalwa huku akitweta.

"Samahani kwa lile gunia langu," alimwambia kwa aibu.

Chepkorir akaja kumpangusa mabega. "Hizi mbio," akasema, "umekimbia kweli."