Madini ya Mguu wa Maduhu

Maduhu aliteleza kwenye lundo la changarawe pale Maganzo, alikokuwa akichekecha na kutafuta almasi tangu ujana wake. Mguu wa kushoto ulijikunja chini yake ukatoa mlio, ko! Yeye akacheka, akaendelea na kazi. Wiki hiyo mguu ukavimba, ukawa mwekundu, ukawa na joto hata kuku mmoja wa pale nyumbani akazoea kuja kulala juu yake jioni. Maumivu hayakuwepo kabisa. Maduhu akawa anajisifu kwa wenzake kwamba ana mguu wa chuma.

Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyemfukuza kuku akaushika.

"Baba Rhoda, mguu huu unachemka na mwenzake ni wa baridi. Twende hospitali."

Walipata lifti kwa Cornel, dalali wa almasi aliyekuwa na safari ya Shinyanga mjini. Cornel aliingia nao hadi chumba cha daktari, maana hakuwa mtu wa kubaki nje ya mlango uliofungwa.

Daktari Violeth akaiweka picha ya eksirei kwenye taa.

"Mzee, una kisukari cha siku nyingi. Sukari imeua mishipa ya fahamu ya mguu, ndiyo maana husikii maumivu. Mishipa hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiamuru mishipa ya damu ijibane. Sasa imeachia, damu inamiminika mguuni, ndilo hilo joto. Na damu hiyo inasomba madini ya mfupa."

Cornel akaketi wima. "Madini?"

"Madini. Mfupa unalainika. Ulipoteguka, mtu mwingine angelala kitandani, wewe ukautembelea. Kila hatua inavunja kidogo, mguu unazidi kuwaka, na kuwaka huko kunaita seli zinazobomoa mfupa. Kila mtu anazo, wabomoaji na wajenzi. Kwako wabomoaji wamewazidi wajenzi nguvu."

"Na hao wabomoaji," Maduhu akauliza kwa wasiwasi wa kweli, "nani kawapa kibali?"

"Wewe, kila unapokanyaga. Nitakufunga hogo, plasta ngumu hadi chini ya goti. Usiukanyage mpaka joto liishe. Itachukua miezi."

Njiani kurudi, Cornel alisimamisha gari, akaiinua ile picha juani. Katikati ya mguu palionekana vipande vyeupe vidogo vidogo.

"Hiki kina kona nzuri," akanong'ona.

"Hiyo ni mifupa yangu," Maduhu akasema.

"Ndivyo walivyokuambia."

Habari ya almasi mguuni ilifika Maganzo kabla ya mgonjwa kushuka garini. Nyumba ikajaa watu. Waliingia na shikamoo, wakakaa, wakalitazama hogo badala ya mwenye hogo. Mmoja aliomba aligonge tu, asikie mlio. Mzee wa kanisa akakumbusha kwamba fungu la kumi hutolewa hata kwa kilicho mwilini. Nyamizi akawa anakaa mlangoni na mchi.

Kibaya zaidi, Maduhu naye akaanza kuamini. Maisha yake yote hakuwahi kupata jiwe kubwa kuliko punje ya mtama. Angelikataaje lililomfuata lenyewe hadi mfupani?

"Daktari mwenyewe kasema," akamwambia mkewe.

"Kasema yanatoka! Hakusema yanaingia."

Jumapili, Nyamizi alipokwenda kanisani, Cornel alifika na msumeno. Wakalikata hogo uani, majirani wakiwa wamewazunguka. Msumeno ulichana ngozi pia, damu ikatoka, Maduhu asijue. Unga wote wa plasta wakauchekecha, wakauosha kwenye beseni. Hakukuwa na kitu.

"Basi yamo ndani kabisa," Cornel akasema. "Simama utembee, yashuke."

Maduhu akasimama. Akazunguka ua, watu wakipiga makofi. Ndipo ikasikika sauti kavu ya kutafuna. Maduhu akasimama, akageuka.

"Nani anakula muwa?"

Wote walikuwa wakiutazama mguu wake, uliokuwa umelala ubavu huku yeye bado amesimama juu yake.

Nyamizi aliporudi hakupiga kelele. Alikaa chini mchangani, akaupakata ule mguu, ingawa mumewe alimwambia hauumi.

Kule hospitali, Daktari Violeth alitundika picha mpya. Uvungu wa wayo ulikuwa umeporomoka. Cornel, aliyewapeleka kwa woga, akasogea akachungulia.

"Yameongezeka," akasema.

Nyamizi akamtoa nje kwa kumshika sikio, mtu mzima yule. Baadaye sisi wa Maganzo tulisikia amehamia Nyarugusu, kwenye dhahabu.

Maduhu alifungwa hogo jingine. Safari hii alitii. Masika yakapita, kiangazi kikaingia, joto likapungua polepole, na wale wajenzi nao wakaifikia kazi yao. Waliiunga mifupa kama walivyoikuta, yaani imepinda. Wayo ukabaki wa duara kama kitako cha chungu, na kiatu chake hutengenezwa maalumu kwa ajili yake. Hachimbi tena. Siku hizi hutengeneza chekeche za kuuza, amekaa.

Asubuhi moja Nyamizi alijigonga kidole cha mguu kwenye kigoda. Akapiga ukelele, akaruka kwa mguu mmoja. Maduhu akaacha kazi akamtazama.

"Mguu unauma?"

"Sana!"

"Sana kiasi gani?"

Nyamizi alitaka kumkemea, kisha akauona uso wake. Akaja akaketi kando yake, akaanza kumweleza, tangu mwanzo, jinsi mguu unavyouma.