Ustadh Wagdi na Sufuria ya Mahshi

Baba yangu, Ustadh Wagdi, alifundisha jometri hapa Tanta, Misri, mpaka alipostaafu. Tangu hapo, anatufundisha sisi nyumbani, tutake tusitake.

Ijumaa moja, nikiwa bado napakua chakula, aliokota mtihani wa majaribio wa binti yangu Rodayna, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari. Akausoma, kisha akaanza kucheka kwa kejeli.

"Majibu yamo humuhumu! Mnapewa manne, mnachagua moja! Na kikokotoo juu! Enzi zetu, binti, hesabu ilikuwa hesabu."

Rodayna alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa sababu ya mtihani huo. Akaweka uma chini.

"Sawa, Babu. Kama ni rahisi hivyo, fanya. Na wewe nipe swali la enzi zenu. Atakayeshindwa anaosha vyombo."

"Sabuni iko wapi?" Baba alinitania. "Mwonyeshe kabisa mwanao."

Akamwandikia swali: thibitisha kwamba mistari mitatu inayoshuka wima kutoka kwenye pembe za pembetatu hadi pande zake hukutana mahali pamoja. Yeye akatoka na mtihani kibarazani, kalamu sikioni.

Nilikula peke yangu. Rodayna alichora, akafuta, akachora tena. "Mama, inaonekana kabisa kwamba inakutana! Nithibitishe nini?" Kibarazani nako kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeng'ata ndimu.

Mwishowe akarudi ndani, polepole.

"Rodayna," alisema kwa sauti ya chini, "hii habari ya uwezekano wa kitu kutokea ikiwa kingine kimeshatokea… ni mdudu gani huyu?"

Nilidhani binti yangu angemcheka. Hakumcheka. Aliivuta sufuria ya mahshi katikati ya meza.

"Humu mna bilinganya na mumunye, zote zimejazwa wali. Funga macho, Babu, utoe moja."

Baba akatoa. "Bilinganya."

"Je, ukitoa tena, nafasi ya kupata bilinganya ni ileile?"

"Ni ile—" Akaitazama bilinganya mkononi, mchuzi ukimtiririkia kwenye mkono wa kanzu. "La! Imepungua, kwa sababu hii imeshatoka! Ewe, kumbe! Mbona hatukufundishwa haya?"

"Baba, kanzu!" nilipiga kelele, lakini hakuna aliyenisikia. Alikuwa ameshaingiza mkono tena.

Alipotosheka, akaisogelea karatasi ya Rodayna. "Pembetatu yako iko peke yake, ndiyo maana haisemi. Pitisha kwenye kila pembe mstari sambamba na upande unaoielekea."

Rodayna akachora. Ikatokea pembetatu kubwa, ile ndogo imekaa ndani yake. Akaikodolea macho, kisha akaruka hadi kiti kikaanguka. "Kila mstari unagawa katikati, tena wima, upande wa ile kubwa, na mistari ya namna hiyo tunajua hukutana! Mama, njoo uone! Babu, hii ni tamu! Kwa nini wametunyima?"

"Wamewanyima hili, wakawapa lile," Baba alisema, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akisema hivyo bila kuguna.

Vyombo waliosha wote wawili, wakibishana, povu mpaka viwikoni.

Siku ya pili yake, Rodayna alipokuwa akivaa viatu kwenda masomo ya ziada, Baba alitoka chumbani amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la shuleni.

"Unakwenda wapi, Babu?"

"Kwenye uwezekano. Mwalimu wako atanikataa?"

Mwalimu hakumkataa. Jioni, Rodayna alirudi amechoka kwa kucheka.

"Mama, nimehama dawati. Babu ananyoosha mkono kila swali, halafu akikosea anamgombeza mwalimu!"

Nyuma yake Baba alikuwa akipanda ngazi, akiuliza kwa sauti kama kesho pia kuna kipindi.