Kesi Iliyosikilizwa Chini ya Lango

Ilikuwapo nchi, na sina yakini kwamba haipo tena, iliyoitwa Tupiana, ambayo raia wake walikuwa wapole wa kauli, nadhifu wa mavazi, na mahodari wasio na kifani wa kumnyooshea mwenzao kidole. Kikombe kikivunjika mezani, mnywaji alimtaja mfinyanzi, mfinyanzi akautaja udongo, na udongo, kwa kuwa hauna ulimi wa kujitetea, ukatiwa hatiani. Hata hivyo, nchi hiyo ilikuwa na desturi moja ya haki: mshitaki ndiye aliyechagua mahali pa kusikilizwa kesi, na mshitakiwa aliyeondoka hapo kabla ya hukumu alihesabiwa amekiri kosa. Watu wote walichagua Kasri la Insafu, kwa sababu lilikuwa na mazulia na sharubati.

Bondeni, chini ya bwawa kuu, kilikuwapo kitongoji cha Tutazoea. Hapo aliishi Tegemeo, mwanamke aliyelinda lango la maji, pamoja na mama yake, Bi Stahamili, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Lango lilifunguliwa na tarakilishi. Kiwiliwili chake kiliundwa na Bwana Kasha. Mfumo wa kuiendesha, yaani akili yake, ulitungwa na Bwana Pumzi. Na Kasha ndiye aliyeupandikiza mfumo huo kiwandani mwake, nakala moja kwa mashine zote za nchi, kisha akazipiga lakiri ili asizifungue mtu.

Masika yalipoanza, tarakilishi iliganda. Lango likabaki limefungwa, na maji yakazidi kupanda nyuma ya ukuta. Tegemeo akaenda mbio kiwandani.

"Kiwiliwili ni kizima, bibi," alisema Kasha kwa sauti laini. "Kilichougua ni mfumo. Tafadhali mwone mtunzi wake."

"Mfumo ulitoka mikononi mwangu ukiwa na afya tele," alisema Pumzi kwa sauti laini zaidi. "Aliyeupandikiza ndiye wa kuulizwa. Rudi kwa Kasha."

Alirudi kwa Kasha, akarejeshwa kwa Pumzi, hata mabawabu wa pande zote mbili wakawa wanamsalimu kwa jina. Majirani zake waliinua vitanda juu ya matofali wakasema watazoea. Tegemeo aliutazama ukuta wa bwawa, ambao sasa ulikuwa unatoka jasho, akakimbilia kitandani kwa mama yake.

"Mama, nikubebe twende mlimani," alisihi.

"Nikishapanda mlimani, mwanangu, nani atakumbuka kwamba huku chini kuna watu? Nenda ukashitaki."

Akashitaki. Hakimu Ahirisha, mzee mwenye kilemba kizito na maamuzi mepesi, aliuliza kama kawaida, "Kasri la Insafu, bila shaka?"

"La, mheshimiwa. Nyumbani kwa mama yangu, chini ya lango."

Desturi ni desturi. Wakashuka bondeni kwa majoho yao ya hariri, wakajibana kuzunguka kitanda cha Bi Stahamili. Kasha alieleza kwa ufasaha tofauti ya mwili na akili. Pumzi akaeleza kwa balagha tofauti ya kutunga na kupandikiza. Hakimu alikuwa amekwisha fungua kinywa aahirishe, ndipo mama akakohoa.

"Waheshimiwa, inueni majoho. Maji yameingia."

Yalikuwa yamepita chini ya mlango, meusi, yakinyamaza. Ukuta ukanguruma. Kasha alitupa jicho mlangoni, akakumbuka kwamba kutoka ni kukiri, akajikunja palepale.

"Pumzi," alisema, na ulaini wote umemtoka, "dawa ya ile kasoro unayo?"

"Ninayo tangu kiangazi! Hukuiomba!"

"Ningeiomba ningekuwa nimekiri ni yangu!"

"Na mimi ningeileta ningekuwa nimekiri ni yangu!"

"Nendeni nyote wawili!" Hakimu alipiga kelele, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kuahirisha. "Kutoka huku si kukiri!"

Walipanda ngazi za lango wakisukumana. Kasha akavunja lakiri, Pumzi akaitia dawa, tarakilishi ikazinduka, na lango likafunguka kwa kishindo, maji yakashika njia ya mto. Wakarudi wamelowa chapachapa, wakitabasamu, wakingoja kushukuriwa.

Tegemeo aliwakazia macho. "Tangu kiangazi," alisema. "Mlikuwa nayo tangu kiangazi, mkanitembeza."

Hakimu akahukumu, miguu yake ingali majini, kwamba aliyeuza kitu kilichopigwa lakiri atamjibu mnunuzi kwa vyote vilivyomo ndani, mwili na akili. Naye akiwa na neno na mtunzi, wakatetane wao kwa wao, mnunuzi akiwa amelala kwake salama. Kisha akauliza, "Mashine zenye nakala hii ni zipi?"

Kasha alitazama chini. "Zote, mheshimiwa. Mabonde yote."

Nje mvua ilikuwa inaongezeka.

"Tegemeo," alisema Bi Stahamili, "wape waheshimiwa chai, waondoke. Bonde la pili kuna mama mwingine, na miguu ya kitanda chake ni mifupi kuliko ya hiki."

Chai haikunywewa; waheshimiwa walikuwa wamekwisha shika njia ya bonde la pili.