Nishani Aliyoikataa Seneta

Kisiwa cha Finkenwerder kimekatwa katikati na tuta la udongo. Kaskazini ya tuta ni kwa jiji la Hamburg, jiji la wafanyabiashara lisilo na mfalme. Kusini ni kwa mfalme wa Hannover. Ng'ombe huvuka, kuku huvuka, na wachumba nao huvuka. Gesche Wübbe alivuka akiwa mwari, akatoka kwa baba yake upande wa mfalme, akaolewa upande wa jiji. Mimba yake ya kwanza ilipokuwa nzito akarudi kwa mama yake kujifungua, maana ndivyo wanawake wa kisiwani walivyofanya siku zote, na mama mkwe gani angethubutu kumzuia? Akajifungua salama mtoto wa kiume, wakamwita Hinrik, wakambatiza kanisa la huko huko. Alipopata nguvu akamfunga mtoto wake shali, akarudi kwa mumewe. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Mfalme ndiye aliyewaza. Hinrik alipokwisha kuwa kijana wa kuota ndevu, watu wa mfalme walisema kwamba aliyezaliwa upande wao ni wao. Siku moja alivuka tuta kumpelekea mjomba wake Jochim miche ya kabichi. Wakamkamata na miche mkononi, wakampeleka kambi ya Stade, wakamvisha sare.

Gesche alikuwa mjane. Kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa mjini, na nyumba mojawapo aliyoipelekea ilikuwa ya Seneta Tietgens, ambaye ndiye aliyelisemea jiji mbele ya wafalme wa jirani. Asubuhi ile Trina mpishi alimfungulia mlango wa jikoni, akachungulia ndoo.

"Wee Gesche, leo umemkamua ng'ombe au umelikamua wingu? Mbona yamejaa maji?"

Gesche akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio. Mvua ilikuwa imemnyeshea njia nzima, naye hakuwa hata amekumbuka kufunika ndoo.

"Wamemchukua Hinrik wangu."

"Nani?"

"Hao wa ng'ambo ya tuta."

Trina akamvutia kigoda. "Kaa hapo. Mzee atashuka kutafuta kahawa sasa hivi. Na usimpigie magoti, hapendi. Humu si kwa mfalme."

Seneta akashuka na ndala zake, akasikiliza amesimama mpaka kahawa ikapoa. Mwisho akasema, "Mama Wübbe, mwanao ni mtu wetu. Nitamfuata."

Na kweli alimfuata. Majira ya baridi yote alikwenda na kurudi. Mfalme naye alikuwa na haja yake: alitaka reli yake ifike kwenye bandari ya Hamburg. Wakavutana, wakalegezeana, hatimaye wakapatana. Waziri mmoja wa mfalme, Graf von Hollen kama walivyomwita kwa cheo chake cha ukoo, angekuja Stade kukamilisha habari ya reli, na hapo hapo Hinrik angekabidhiwa kwa Seneta.

Siku hiyo Gesche alipanda boti ya moshi pamoja na ujumbe wa jiji, kwapani kabeba shati safi la mwanawe. Uwanja wa kambi ulikuwa tope tupu. Askari walipangwa mistari, na kando yao, peke yake, alisimama Hinrik na furushi lake. Alikuwa amekonda shingo. Alipomwona mama yake akakonyeza jicho.

Waziri akasema maneno yake, Seneta akasema yake, wakashikana mikono. Kisha waziri akapewa kijisanduku, akakifungua. Ndani mlikuwa na msalaba wa dhahabu wenye utepe wa buluu.

"Mfalme anakutunuku nishani yake, Mheshimiwa. Sogea nikuvishe."

Kwa kawaida watu wa mfalme huulizana kwanza chini kwa chini na watu wa jiji, ili pasiwe na aibu. Safari hii hawakuuliza. Seneta akarudi nyuma hatua moja, akaweka kiganja kifuani.

"Namshukuru mfalme kwa moyo wake. Lakini seneta wa Hamburg havai nishani ya bwana yeyote, kwa sababu hana bwana."

Gesche alisikia fahari imempanda mpaka kooni. Yeye mwenyewe sokoni aliwahi kumcheka mfanyabiashara mmoja aliyevaa nishani ya ugenini, akamwuliza kengele hiyo ni ya ng'ombe gani. Fahari ile haikudumu. Alimwona Hinrik, taratibu, akiliweka furushi lake chini kwenye tope.

"Hujaambiwa uwe mtumwa," alisema waziri. "Umepewa zawadi mbele za watu."

"Najua, nami nasikitika. Baba yangu naye alipewa, akairudisha."

Waziri akafunga kijisanduku. "Basi kila mtu abaki na chake." Akamtazama sajini. Sajini akamshika Hinrik bega, akamrudisha mstarini.

Pale gatini Gesche alimkabili Seneta.

"Ungeivaa tu, Mheshimiwa. Ungeivaa, tukifika katikati ya mto ukaitupa."

"Ningeivaa, Mama Wübbe, na siku nikienda kumdai mtoto wa mwingine wangenisemesha kama mtumishi wao."

"Huyo mtoto wa mwingine mimi simjui."

Seneta akavua kofia, mvua ikamlowesha kichwa. "Nitajaribu tena."

"Jaribu," alisema Gesche, akageuka.

Hakukuwa na la kujaribu. Mfalme aliona ametukanwa, reli ikalala, na watu wa jiji wakakatazwa kukanyaga kambi zake. Kufika masika Gesche aliuza ng'ombe zake, akaenda kumuaga Trina.

"Unahamia kwa kaka yako? Unakwenda kuwa mtu wa mfalme, wewe?"

"Nakwenda kuwa mtu anayeruhusiwa getini."

"Na Mzee nimwambie nini?"

Gesche akafikiri. "Mwambie atafute maziwa mahali pengine."

Aliapa mbele ya afisa wa mfalme mkono ukiwa juu, sauti haikutoka vizuri, wakamrudisha aanze upya. Jumapili iliyofuata akafika getini Stade na mkate mweusi na samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi. Hinrik akaja, akamtazama mama yake, kisha akamtazama mlinzi aliyempitisha bila neno. Akaelewa.

"Mama, umeapa?"

"Nimeapa."

"Seneta kashindwa kuvaa kijimsalaba, wewe umemmeza mfalme mzima!"

"Nimemmeza," alisema Gesche. "Kula, mwanangu. Kengele ya kufunga geti italia sasa hivi."