Ndoo ya Kijani ya Amuge

Ndoo zote za kijani hapa Malaba zinafanana, na shida ya Amuge ilianzia hapo. Mji uligawia kila nyumba ndoo moja ya mabaki ya chakula: maganda ya ndizi, ugali uliolala, vichwa vya samaki. Unaiweka kando ya barabara, mkokoteni unapita, mabaki yanaenda kuozeshwa yawe mboji. Lakini ndoo ile ina kifuniko kinachobana sawasawa, na mwanamke wa Kiteso akiona kifuniko kama hicho hafikirii maganda. Anafikiria ajon, pombe ya wimbi.

Amuge, mjane wa Emong, alikuwa amechachisha humo unga wake wa mahindi, unaokaangwa na kuchanganywa na kimea cha wimbi kupata ajon. Unga wa ajon ukichacha unanuka, tusidanganyane, ndiyo maana aliutoa nje, akauweka karibu na geti. Jumapili wazee wa ukoo wangekuja kutoka Moding kuamua kama atabaki kwenye ploti ya marehemu au shemeji yake Eriaku ataichukua. Wazee hao hawaanzi kikao bila ajon, na Eriaku alishasema siku nyingine haipo. Mahindi yote ya nyumba yalikuwa ndani ya ndoo ile.

Alirudi kutoka kuteka maji akaikuta pale pale getini, tupu.

Alikimbia bila viatu mpaka uwanja wa mboji. "Dada, unga wangu ulikuwa kwa ndoo," alimwambia Trizah, anayepindua marundo pale.

"Hiyo nyeupe ilikuwa unga? Sisi tulidhani imeoza." Trizah alimwonyesha rundo. "Wacha tu, mama. Watu wanatupa dawa ya panya kwa hizi ndoo. Jana nimetoa panya wamekufa hapo hapo."

Mfa maji haachi kutapatapa. Amuge alipiga magoti, akachota kwa mikono, akitenga maganda ya viazi na miba ya samaki huku analia. Moto unaua kila kitu, alijiambia. Trizah aligeuka upande mwingine asimwone.

Nyumbani aliukaanga unga juu ya bati mpaka ukawa kahawia, akaurudia tena. Akauchanganya na kimea cha wimbi, akatia maji. Kila akiinama kwenye chungu alinusa samaki, au alidhani ananusa. Emong, alisema peke yake, ulitaka nifanyeje?

Jumapili wazee walizunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Otukei, na katika ukoo mzima ni yeye tu aliyewahi kusema mjane asiguswe.

"Mwenye pombe aanze," Eriaku alisema. "Ndiyo desturi."

Ni kweli, ndiyo desturi. Mpishi huonja kwanza, wageni wajue hakuna sumu. Amuge alikuwa amejiandaa kwa hilo tangu siku ya rundo. Kwa ajili ya ploti ile angekunywa hata maji ya mtaro. Alivuta mrija, akameza, akavuta tena.

Kisha akamwona Otukei anafuta mrija wake kwa pindo la shati, taratibu, mzee wa watu aliyetembea na kiu yake kutoka mbali. Otukei akainama kwenye chungu. Amuge akakipiga teke.

Kumwagia wazee chungu ni kuwafukuza. Walisimama wote. Amuge akasema kila kitu, ndoo, rundo, panya, maneno yakimtoka ovyo.

"Mmesikia wenyewe," Eriaku alisema. "Alikuwa anatuua." Akachukua kofia yake, na wazee wakatoka nyuma yake.

Otukei alikuwa wa mwisho. "Mwanangu," alisema, "ungeniambia tu unga umepotea. Leo mimi ndiye nilikuwa naongoza kikao. Ningewaambia tunywe chai." Kisha akawafuata wenzake.

Amuge alibaki ameketi kwenye tope la ajon, anasikiliza tumbo lake.