Mtandio Upande Mchafu

Katika maabara ile kuna mtambo wa mvuke uliojengewa ukutani, mkubwa kama kabati la nguo, na wafanyakazi wanauita Mama Mkwe. Hakuna kinachotoka chumba cha ndani bila kupita kwake, na akishakishika, hakitoki kama kilivyoingia. Ana milango miwili. Mmoja uko upande mchafu, wanakopima damu ya mifugo wagonjwa. Mwingine uko upande safi, wanakopita watu na vikombe vyao vya chai. Milango hiyo haifunguki kwa pamoja hata uipigie magoti.

Aliyempa jina hilo ni mwanamke mmoja mtulivu wanayemwita Mwalimu, kwa sababu ndiye anayewafunza wageni kuvaa na kuvua. Kila mgeni humsimamisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kumwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wanasema hivyo kwa mafumbo. Hapa tunasema kama ilivyo." Wageni hucheka. Yeye huendelea, "Vua kila cha nyumbani. Pete, saa, na hirizi kama unayo."

Sasa huyo huyo Mwalimu, Jumamosi moja asubuhi, aliingia chumba cha ndani na mtandio wa mama yake shingoni. Mganga hajigangi, mtasema. Ngojeni kwanza.

Mama yake alikuwa amefariki mvua zilizopita. Mwalimu ndiye aliyekuwa akiishi naye. Mdogo wake, aliyeolewa mtaa wa pili, alikuja msibani, na kabla machozi hayajakauka akafua kila kitu: mashuka, magauni, foronya, hata kitambaa cha meza. Nguo za mama zikajaa kwenye kamba uani, safi, hazinuki chochote. Mwalimu alisimama mlangoni akaona kama mama anazikwa mara ya pili, ila hakumzuia, maana mdogo wake alikuwa anafua kwa moyo wote.

Kilichosalimika ni mtandio mmoja wa kijani uliokuwa umeangukia nyuma ya kitanda. Mwalimu aliutia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, wa aina ile wanayowekea sampuli, akauficha kwenye droo ya mama. Akizidiwa na upweke aliufungua kidogo, akaingiza pua, akafunga upesi harufu isije ikaisha. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nywele, ya sabuni ya kipande, na ya kitu cha tatu kisicho na jina, na hicho cha tatu ndicho alichokuwa akikitafuta. Alikuwa na hamu na mama yake kuliko alivyowahi kuwa na hamu na mtu yeyote duniani.

Lakini mdogo mtu alikuwa na ufunguo wa nyumba, na siku hizi alikuja kila Jumamosi kumfulia dada yake. Mara mbili Mwalimu aliukuta mfuko umesogezwa. Huyu ataufua huyu, alijisemea. Kwa hiyo Jumamosi ile ya zamu yake akautoa nyumbani. Njiani kulikuwa na baridi, akaona si vibaya kujifunga ule mtandio shingoni mara moja tu. Alitembea hadi kazini akimsikia mama chini ya kidevu chake, na niseme ukweli, alikuwa na furaha ya kitoto.

Alifika amechelewa. Sampuli zilikuwa zimeshatolewa kwenye barafu, na hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ndani peke yake. Mwenzake wa zamu, msichana waliyemwita Kasuku kwa vile hurudia kila sheria kwa sauti, alikuwa anamngoja. Mwalimu akavua upesi, akavaa upesi: sare, joho, barakoa, glavu mbili mbili. Alikuwa ameshaingia chumba cha ndani aliposikia joto la mtandio shingoni.

Angerudi. Ila kurudi ni kuvua vyote na kuanza upya, na kumweleza Kasuku kwa nini. Akajiambia: joho limefunika, nani atauona? Yeye mwenyewe aliwahi kumtoa mtu kazini kwa maneno hayo hayo.

Mashine ya kuzungushia sampuli iliposimama, alifungua kifuniko. Chupa moja ilikuwa imepasuka ndani. Ukungu mwembamba ulimpanda kifuani.

"Funga. Rudi nyuma. Tunatoka," alisema Kasuku, sauti ile ile aliyofundishwa. Barakoa zao zilikuwa zimekaa sawasawa, hakuna aliyevuta kitu. Walitoka hadi chumba cha kuvulia, wakasimama uso kwa uso, na Kasuku akaanza kutaja hatua.

"Glavu za juu. Joho, fungulia nyuma, likunje ndani iwe nje." Ncha ya kijani ilikuwa imechungulia juu ya kola ya Mwalimu. "Dada, hiyo nini?"

"Ya mama."

Kasuku aliinama kuutazama. Msibani alikuja, alipika, alilala chini na wafiwa. "Mbona hauna hata doa," alisema taratibu. "Mimi sijaona kitu, dada. Ufiche tu, ukifika nyumbani uufue."

"Nikiufua si ndiyo basi tena."

"Basi usiufue. Uweke. Nani atajua?"

Ilikuwa ahadi ya kweli. Kasuku si mtu wa kusengenya. Mwalimu aliishika ncha ile kwa glavu ya ndani, na akajiona usiku kitandani, anafungua mfuko, anaingiza pua, anavuta mpaka mbavu zinauma. Ugonjwa ule wa mifugo haumpati mtu kwa mkono wala kwa mguu. Humwingia kwa pua.

"Taja hatua inayofuata," alisema.

"Dada."

"Itaje, mdogo wangu."

"Kila kilichokuwa ndani," Kasuku alisema, "kwa Mama Mkwe."

Barakoa huvuliwa mwisho. Yeye mwenyewe ndiye anayewafokea wanaosahau. Alifungua fundo, akauleta mtandio karibu na uso, akavuta pumzi kwa nguvu zote. Alisikia harufu ya mpira wa barakoa tu. Akautia kwenye mfuko wa taka pamoja na majoho, akaufunga, akausukuma ndani, akabana mlango wa upande mchafu.

Kwa mkuu wa usalama alijipeleka mwenyewe, akasema yote. Alipigwa marufuku kuingia chumba cha ndani na kupewa kipimajoto cha kujipima kila siku, naye akaitikia, "Nastahili." Kisha akaenda kungoja upande safi. Mtandio ulitoka una joto, umepauka, umejikunja pembeni. Aliunusa pale pale ukutani, watu wakipita na chai zao. Ulinuka pasi.

Nyumbani alikuta beseni limekauka uani. Mdogo wake alikuwa chumbani kwa mama, amekaa sakafuni, droo zote ziko wazi.

"Dada, ule mtandio umeupeleka wapi?"

Mwalimu akamkabidhi. "Umeshafuliwa."

"Umefuliwa?" Mdogo wake aliutia puani, ncha hii, ncha ile, kisha katikati. "Nani kakwambia uufue?"

"Si wewe ndiye mwenye kufua? Nilidhani utaniwahi."

"Mimi?" Akaushusha mtandio mapajani. "Mashuka yale nilifua kwa kuwa mikono ilikataa kutulia. Hayajakauka nilishajuta. Unadhani kila Jumamosi nafuata nguo zako chafu? Nilikuwa naufungua ule mfuko, dada. Kidogo tu. Halafu nafunga upesi, harufu isije ikaisha."

Mwalimu alikaa chini kando yake, mabega yakagusana. Yeye alijua vizuri kuliko mtu yeyote mvuke ule unabakisha nini. Mdogo wake aliendelea kutafuta, pindo baada ya pindo, macho ameyafumba, naye akamwacha atafute.